Daftari la Fundi Saa

Kuna kazi zinazomfundisha mtu kuwaamini wenzake, lakini udobi haumo. Mama Pasi alikuwa dobi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo alijifunza kwamba shati lina maneno mengi kuliko mwenye shati. Mteja anasema doa hili ni la chai. Dobi ananusa, anajua chai haijafika hapo. Mteja anasema suruali hii ni ya mume wangu. Dobi anaitazama kiuno, anajua mume wa huyu haingii humo hata akipakwa mafuta. Basi yeye huandika tu kwenye kikaratasi, "suruali moja, doa mbele," akakibana kwa pini na kufunga mdomo wake. Moyoni ameshaandika mengine. Hata binti yake alipomletea mchumba, kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa uso wa kijana, ilikuwa kola yake kwa ndani.

Kola ilikuwa safi. Kijana akaoa.

Kijana huyo alikuwa muuguzi, mpole, mwenye adabu za kupitiliza. Kwa mkwewe hakuwa anakaa mpaka aambiwe mara mbili. Jumapili moja alasiri alikuja na mkewe kusalimia, amekumbatia boksi jekundu kama amebeba kichanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho nini?"

"Mchezo, Mama. Kule hospitalini watu wanaosubiri wagonjwa wanaucheza mpaka wanasahau kuitwa. Nikasema nikuletee."

"Mimi na michezo wapi na wapi? Kaa basi."

"Ni maswali tu, Mama," binti yake akadakia, huku akisogeza vikombe vya chai. "Wewe si ndiye mjuaji wa nyumba hii? Leo tutakupima."

Wakautandaza ubao mezani. Mama Pasi alipouona alihisi kitu kama nguo mbichi mgongoni. Ubao ulikuwa duara, umegawanywa vyumba kumi na viwili, kila chumba na namba yake, na katikati umepigiliwa mshale. Dadu hakuna. Unauzungusha mshale, ukisimama chumba cha tano, mwenzako anachomoa kadi ya tano na kukusomea swali. Ukilijua, kete yako inasogea chumba kimoja; wa kwanza kuingia cha kumi na mbili ameshinda. Usipolijua, yeyote anayelijua hulidaka, akapita kwa hatua yako. Ndiyo maana juu ya boksi palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: AJUAYE APITE.

"Duara ni duara," alijiambia. Sahani ni duara, ndoo ni duara. Huwezi kumshuku kila mwenye sahani.

Wakacheza, na kusema kweli alinogewa. Swali la mfupa mdogo kuliko yote mwilini lilimwangukia mkwe wake, muuguzi mzima, naye akasitasita. Mama Pasi akalidaka hewani: "Umo sikioni!" Akahisi utamu ambao hakuwa ameuonja tangu utotoni. Kujua peke yake si kitu. Utamu ni kujua wakati mwenzako anatafuta. Mkwe akacheka kwa heshima, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Zamu ya Mama Pasi ikafika, akauzungusha mshale. Mkwe akachomoa kadi.

"Ni mnyama gani ambaye hapigi miayo..."

"Kobe," alisema Mama Pasi.

"...maisha yake yote? Eh! Sahihi, Mama. Kobe. Umejuaje hata sijamaliza?"

Binti yake alikuwa ameshatoa simu. Ni tabia yake kuhakikisha kila jambo, na tabia hiyo hakuiokota barabarani. Akaandika, akasubiri, akageuza kioo kuelekea kwa mama yake. Kobe mmoja mzee, shingo nje, alikuwa amefungua kinywa akipiga miayo mirefu kama ya karani wa serikali.

"Kadi imekosea," alisema binti. "Kobe anapiga miayo. Lakini Mama, wewe umejibu sawasawa na kosa lao. Umelijuaje kosa?"

Mama Pasi alikiweka kikombe chini polepole. Kisha akauvuta ubao karibu, akazitazama namba. Nne ilikuwa wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Saba ilikuwa imekatwa tumboni kwa kistari kilichoinama. Duniani, kwa kadiri alivyojua, watu watatu tu waliandika namba hivyo. Mmoja alikuwa kaburini, wa pili alikuwa yeye mwenyewe. Wa tatu hakuwa amezungumza naye sawasawa kwa miaka kumi na tisa.

*

Baba yake alikuwa fundi saa, na kibanda chake hakikuzidi upana wa mlango. Tatizo la fundi saa si saa, ni mwenye saa. Mtu akisimama kichwani pako anapumua kwa haraka, mkono unatetemeka, na skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta inaruka na kupotea. Basi siku moja mzee alichukua katoni ya saa ya ukutani, akachora duara juu yake, akaigawa vyumba kumi na viwili, akapigilia katikati mshale wa saa iliyokufa. Wateja wakapewa nati na vishikizo viwe kete zao. Yeye mwenyewe, kioo jichoni na kibano mkononi, akawauliza maswali bila kuinua kichwa. Watu wakaacha kupumua kwa haraka. Wakaanza kubaki hata saa zao zikishapona.

Maswali aliyapata kwa hao hao. Dereva alimwachia swali la barabara, mpishi la chumvi, mkunga la watoto pacha. Yote aliyaandika kwenye daftari lenye jalada la kitambaa cheusi, na likijaa aliongezea karatasi kwa gundi. Jioni alilibeba nyumbani, akawauliza watoto wake wawili, Mama Pasi na mdogo wake wa kiume. Hao hawakucheza; walipigana. Ushindi waliuandika kwa msumari ndani ya mlango wa kabati, na mwaka mmoja walinuniana wiki nzima kwa sababu ya mlima mmoja na urefu wake.

Swali la kobe lilizaliwa meza ile ile. Mama Pasi alikuwa na miaka tisa, anapiga miayo juu ya kazi ya shule, na baba akasema bila kuinua kichwa, "Kobe hapigi miayo maisha yake yote. Ndiyo maana anafika." Aliamini hivyo mpaka akawa msichana mkubwa. Alipokuja kumwuliza, mzee alicheka hadi kioo kikamdondoka jichoni. "Hilo nililitunga. Lakini uliacha kupiga miayo, au hukuacha?" Na kwenye daftari aliliacha, kwa ukaidi wa furaha. Mama yao hakuwahi kucheza hata mara moja. Alisema maswali ya bili yanamtosha.

Kwa hiyo, kwa alivyojua, uongo wa kobe ulijulikana na watu watatu tu.

Mzee alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi Mama Pasi alifungua mtoto wa meza kibandani. Vibano vilikuwepo, mafuta yalikuwepo, daftari halikuwepo. Alirudi nyumbani, sebule ikiwa imejaa ndugu, akamkabili mdogo wake mbele ya wote.

"Daftari liko wapi?"

"Unaniuliza au unanishtaki?"

"Ufunguo mnao wawili, wewe na Mama. Mama hasomi maswali."

Mdogo wake aliinuka. Kisha akavaa viatu vyake pale pale kizingitini, akaondoka bila kufunga kamba. Tangu siku hiyo wakawa watu wa kukutana misibani. "Hujambo." "Sijambo." Basi. Mdogo huyo akawa mchora vibao vya maduka, na mkono wake ukajulikana mji mzima. Mama Pasi alipopita chini ya kibao chake aliinamisha macho, kama mtu anayepita mbele ya mdai wake.

Sasa alisoma upande wa boksi: "Mchezo uliozaliwa nyumbani, kwa familia iliyopenda maswali." Chini yake palikuwa na anwani.

"Familia ipi?" aliliuliza boksi.

Mkwe wake, maskini, alidhani anaulizwa yeye. "Hawakuandika, Mama."

"Hawakuandika," alisema Mama Pasi. "Mwizi gani anaandika?"

*

Jumanne alimwachia msaidizi wake pasi na mashuka ya nyumba ya wageni, akaenda. Anwani ilimpeleka juu ya duka la viatu, ngazi za chuma zinazolia kila hatua, hata mwizi asingeweza kuzipanda kwa siri. Juu palikuwa na chumba chenye harufu ya gundi na karatasi mpya. Wanawake watatu walikaa kwenye meza ndefu wakipanga kadi na kuzifunga kwa mpira. Pembeni palikuwa na mashine ya kukatia karatasi, na nyuma yake mama mmoja wa miaka sabini hivi, miwani imening'inia kwa uzi, na kwenye kidole gumba amevaa kile kikofia cha mpira cha kuhesabia karatasi. Wafanyakazi walimwita Mama Posta.

"Nataka boksi kumi," Mama Pasi alidanganya. "Nina duka."

"La nini?"

"Vitu mchanganyiko."

Mama Posta alivaa miwani, akamtazama mikono. "Ncha za vidole zimekunjamana. Kwenye mkono una alama ya moto iliyonyooka kama rula. Wewe ni mtu wa maji na pasi, mama, huna duka. Nani amekutuma?"

Mama Pasi alipigwa na butwaa. Katika miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kumsoma kama anavyosoma yeye wengine. Hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

"Sijatumwa na mtu."

"Mwaka jana alikuja bwana mmoja, naye alikuwa na duka. Miezi mitatu baadaye mchezo wetu ukatoka kwa jina lingine. Wameiga hata makosa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nakuuliza tena kwa heshima: umekuja kufanya nini?"

"Makosa yenu mnayajua?"

"Tunayajua."

"Na la kobe?"

Mikono ya wale wanawake watatu ilisimama juu ya kadi. Mama Posta alivua kikofia cha kidoleni, akakiweka juu ya mashine.

"Njoo huku ndani," alisema.

Chumba cha ndani kilikuwa stoo yenye meza na viti viwili. Kwenye rafu, kati ya maboksi, lililala daftari jeusi, nene, limevimba kwa karatasi za kuongezea. Mama Pasi hakuhitaji kulifungua. Kwenye pembe ya jalada palikuwa na doa. Mafuta ya saa ni mepesi kuliko mafuta yote. Yakiingia kwenye kitambaa hayatoki kwa sabuni wala kwa jua, yanatulia humo, na miaka ikipita yanakuwa rangi ya asali. Doa hili lilikuwa na umbo la kidole gumba.

"Hilo ni la baba yangu."

Mama Posta alikaa. "Basi wewe ndiye uliyekuwa unapiga miayo."

Maneno yale yalimwingia Mama Pasi mahali pabaya. Mwizi wa daftari ni kitu kimoja. Mgeni anayejua kwamba ulipiga miayo ukiwa na miaka tisa ni kitu kingine.

"Nani amekwambia?"

"Yeye."

"Wewe ulikuwa nani kwake?"

"Mteja."

"Wa saa?"

"Wa saa moja ya kengele. Kwa miaka sita."

"Saa gani hiyo inaharibika miaka sita?"

"Haikuwa mbovu," alisema Mama Posta. Hakuinamisha macho wala hakutabasamu, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu: uso ule haukuwa na mkunjo wa kushika.

Akaeleza. Wakati huo alikuwa akikaa dirishani posta. Kutwa nzima watu walimwuliza bei ya stempu na kwa nini barua haijafika. Siku ya kwanza alipopeleka saa yake kwa fundi ilikuwa imesimama kweli, vumbi tu. Fundi akamwuliza swali, akasubiri jibu. "Umewahi kufikiria hilo?" alisema. "Mtu mzima, hakuna anayekuuliza unajua nini. Wanakuuliza uko na nini, uko na nani, utarudi lini. Pale kwenye benchi unaulizwa unajua nini, halafu watu wananyamaza wakusikie. Nilikuwa narudi kwa ajili ya hilo. Na sikuwa peke yangu. Palikuwa na mwashi mmoja aliyeleta saa ya mke wake kila mwezi, na mke hakuwa na habari."

Alipostaafu alianza kucheza na wenzake wa zamani kwenye kantini ya posta, kwa katoni na vifuniko vya chupa. Kadi za kwanza walikata kwa mkasi kutoka kwenye fomu zilizoharibika. Watu wakataka ya kubeba nyumbani. Mmoja akataka ishirini. Toleo la kwanza lilikuwa boksi mia mbili, na walidhani watazeeka nazo. Zikaisha.

"Na daftari?" Mama Pasi alikata. "Daftari lilitokaje mezani kwa baba?"

"Alinipa mkononi. Wiki mbili kabla hajatutoka."

"Kwa nini akupe wewe na ana watoto?"

"Alisema, 'Nyumbani kwangu maswali yamegeuka ngumi. Wanangu hawataki kujua, wanataka kushindana. Nikiwaachia hili watalipasua katikati, kila mmoja abaki na nusu.'"

Mama Pasi hakuamini. Mwizi aliyepewa miaka kumi na tisa ana muda wa kutosha wa kutunga sentensi nzuri. Lakini sentensi ile ilikuwa na sauti, na sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya mtu anayesema bila kuinua kichwa.

"Naona huniamini," alisema Mama Posta. "Sishangai. Hata mdogo wako hakuniamini mwanzoni."

"Mdogo wangu?"

"Miaka tisa iliyopita. Aliona boksi letu dukani, akaja kama ulivyokuja wewe, ila yeye kwa kelele. Mwenye duka la viatu alipanda kuona nani anauawa. Nikamwambia daftari hili hapa, lichukue. Akalifungua, akasoma akiwa amesimama, kurasa mbili au tatu. Akalirudisha rafuni. Akasema liache lilipo. Na huu ubao mpya, ameuchora yeye. Zamani namba tulipiga chapa tu. Alisema kama ni wa mzee, uwe na mkono wa mzee."

Mama Pasi alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameshuku mkono wa mdogo wake, na mkono ulikuwa wake kweli. Alikuwa ameshuku wizi, na wizi haukuwepo. Kichwa chake kilijaribu kuzikunja habari hizo mbili pamoja kama shuka, na pembe zikakataa kukutana.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hilo mwulize mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa posta, mama. Sifungui barua za watu." Akalishusha daftari, akalisukuma juu ya meza. "Ukilitaka, ni lako."

Mama Pasi alilaza kiganja juu yake. Kisha akauondoa mkono.

"Sijui kama nalitaka," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anadanganya.

*

Karakana ya mdogo wake ilikuwa uani nyuma ya seremala mmoja. Alimkuta amekaa juu ya kigoda mbele ya kibao kirefu, anamalizia herufi za duka la dawa, na mwenye duka hilo amekaa juu ya gogo pembeni akilinda tahajia. Mchora vibao alimwona dada yake akivuka uwanja, brashi ikasita hewani, kisha ikaendelea.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Hajafariki mtu."

"Basi umepotea njia."

"Nimetoka juu ya duka la viatu."

Brashi ikasimama. Mwenye duka la dawa aliona hali ya hewa imebadilika, akataka kuinuka, lakini hakukuwa na pa kupitia ila katikati yao. Akabaki juu ya gogo lake.

"Ulijua," alisema Mama Pasi. "Miaka tisa umejua liko wapi, umejua hukuiba. Mimi napita chini ya vibao vyako nikikulaani. Ulishindwa nini kufungua mdomo?"

"Mama alikuwa hai."

"Na?"

"Na ningemwambia nini? Kwamba mumewe alimpa daftari lake mwanamke wa posta? Ningekwambia wewe, nawe ungetunza? Ungeenda kwa Mama siku hiyo hiyo ukamgeuze mifuko nje. Dada, nakujua."

Na hicho ndicho hasa Mama Pasi angekifanya.

"Unadhani yeye na baba..." alianza.

"Sidhani chochote. Nilimwuliza. Amenijibu 'mteja,' na wewe amekujibu 'mteja.' Labda ni kweli."

"Saa haikuwa mbovu."

"Hata ya mwashi haikuwa mbovu. Na mwashi naye?"

Mwenye duka la dawa alikohoa kidogo ili kuficha kicheko.

"Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita," alisema Mama Pasi. "Baada ya hapo kwa nini hukusema?"

Mdogo wake aliifuta brashi kwa kitambaa, kwa uangalifu mwingi kuliko ilivyohitajika. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi juu ya masikio, na Mama Pasi alitambua kwamba misibani hakuwa amemtazama hata siku moja. Alikuwa akimlinda kwa jicho tu asiibe kitu kingine.

"Baada ya hapo nilikuwa nimeshazoea," alisema. "Kila mtu ana nafasi yake kwenye ukoo. Yule mlevi, yule tajiri, mimi mwizi wa daftari. Na halafu, nilitaka uje mwenyewe. Uliniita mwizi bila kutumwa na mtu. Nikasema siku moja atakuja kunisafisha bila kutumwa na mtu."

Mama Pasi aligeuka kwa mwenye duka la dawa. "Bwana," alisema, "huyu mtu hakuiba."

"Hata mimi sijamshuku, mama," alijibu yule bwana kwa hofu.

"Haitoshi," Mama Pasi alijiambia. Alikuwa amemshtaki mbele ya ukoo. Hakuweza kumsafisha mbele ya mteja mmoja wa dawa. Akatoa simu, akampigia Shangazi, dada wa baba, mwenye miaka themanini na sita, ambaye siku ile alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa. Kwa kuwa Shangazi alikuwa hasikii vizuri, akaiweka simu kwa sauti kubwa.

"Shangazi, shikamoo! Nina neno. Nilikosea. Mdogo wangu hakuiba daftari!"

"Hakuiba nini?"

"Daftari, Shangazi! La baba! Lile nililomshtaki msibani!"

Kuku walisikika upande wa pili wa simu.

"Daftari gani tena?" alisema Shangazi. "Sisi wote tulijua mligombania kabati."

Mama Pasi alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama simu.

"Kabati?" alisema Mama Pasi.

"Lile la kuchorwachorwa mlangoni! Tukasema wacha, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Kwa hiyo kabati mmegawana?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi gawaneni. Mimi nina usingizi."

Simu ikakatwa. Miaka kumi na tisa alikuwa amedhani ukoo mzima ulibeba shtaka lake; kumbe lilibebwa na watu wawili tu, mmoja kila upande. Mdogo wake alianza kutikisika mabega. Mama Pasi alishuku analia, akasogea karibu kuhakikisha. Alikuwa anacheka, lakini machozi pia yalikuwepo, na dobi hakuweza kusema yapi yalitangulia.

"Nisamehe," alisema. Neno lilitoka kama kishikizo kinachong'olewa.

"Nimesikia," alijibu mdogo wake. Hakusema zaidi. Kisha akaongeza, "Kibao hiki kikikauka nitakuwa huru Jumapili."

"Njoo basi. Uje na mkeo."

"Nani anasoma maswali?"

"Mkwe wangu. Ni muuguzi, ana sauti nzuri."

"Basi nitakuja. Ukisoma wewe, siji."

*

Alikuja. Alikaa kiti cha karibu na mlango, amevaa viatu vyake, na mkewe pembeni ameshika mkoba magotini kama wamepita tu. Chai ya kwanza ilinywewa kwa adabu ya watu wa ubalozi. Binti ya Mama Pasi, ambaye alikuwa hajawahi kumwona mjomba wake akicheka, alimwangalia kwa pembe ya jicho. Mjomba naye alimwangalia hivyo hivyo, na ikawa dhahiri kwa kila mtu kwamba hao wawili ni damu moja.

Mshale ulipozungushwa, mambo yakaanza kulegea. Mchora vibao alimnyang'anya mkwe swali la homa mbele ya macho yake. Mkwe akasahau adabu, akapiga meza. Mke wa mjomba, aliyesema hajui chochote, alijua majina ya nyota zote walizoulizwa, akauweka mkoba chini. Kelele zikafika mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwishoni wakabaki ndugu wawili, kete zao zimekaribiana. Mkwe akasoma swali la mchora vibao: ukichanganya rangi ya bluu na ya njano unapata rangi gani?

Mchora vibao alikuna shingo, akatazama dari.

"Sijui," alisema.

"Kijani!" alidaka Mama Pasi, kwa sababu ulimi ulimtangulia, na kete yake ikaingia chumba cha kumi na mbili. Binti yake akapiga makofi. Mkwe akampa mkono wa pongezi.

Mama Pasi hakucheka. Alimtazama mdogo wake, mtu aliyechanganya rangi kwa riziki yake tangu ujana, anayekusanya kadi mezani kwa utulivu mkubwa na kuzipanga sawasawa pembe kwa pembe.

"Wewe," alisema. "Umeniachia."

"Mimi?"

"Umeniachia makusudi. Bluu na njano hujui?"

"Nimesahau, Dada. Umri."

"Nitazame usoni."

Alimtazama. Uso wake ulikuwa safi, hauna doa hata moja, na dobi hakuuamini hata kidogo.

"Tupange upya," alisema, akavuta kiti chake mbele. "Na safari hii nakuona."

Mdogo wake aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akavisukuma chini ya kiti.